Waliofika Kumuaga Thea Haugen

Waliofika leo, Jumamosi tarehe 12 Desemba 1959, katika kanisa la Kilutheri la Nordby, Minnesota, ni hawa: Mchungaji Nels Ostby, anayeongoza ibada, Lowell Tesdahl, mtoto wa kiume wa marehemu, na mkewe Joyce, Borghild Skogen, binti wa marehemu, na mumewe Duane, Alvina Rudd, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye amekuja peke yake kwa kuwa mumewe Palmer anaumwa mgongo, Daktari Emil Pruitt, Clarence Voss, mhariri wa gazeti la wilaya, aliyeketi safu ya tatu upande wa dirishani, Gudrun Moen, Hazel Lien na Sigrid Aasen wa chama cha akina mama, ambao wako jikoni huko chini na kahawa, na wanatusikia kupitia ngazi, na mimi, Selmer Haugen, kaka wa marehemu, mwalimu mstaafu, niliyeombwa na familia kusoma historia hii.

Akina mama watanisamehe kwa kuwataja kwa majina yao wenyewe. Jana nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiyauliza, kwa sababu niligundua kwamba watu niliosali nao miaka hamsini sikuwa nikiyajua majina yao, na mmoja wao, ambaye sitamtaja ni yupi, alifuta mikono kwenye aproni, akafikiri kidogo, kisha akaniuliza ni nani anayetaka kujua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1894, katika shamba la wazazi wetu, maili tatu kaskazini ya kanisa hili, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Anders Haugen na Berit Haugen, wote marehemu, na alibatizwa hapa tarehe 18 Machi mwaka huohuo kwa jina la Thea Marie. Alisoma shule ya Nordby kuanzia mwaka 1900 hadi 1908, chumba kimoja, jiko moja la kuni, madarasa manane, na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, jambo ambalo mwalimu wetu hakuacha kunikumbusha.

Mwaka 1911 aliajiriwa kwenye kituo cha simu kilichokuwa juu ya duka la Moen, akakaa mbele ya ubao wa nyaya miaka minane, akiunganisha wilaya nzima kwa mikono miwili, na katika miaka hiyo watu wote walimwita Kituo. Kituo, niunganishie daktari, Kituo, saa ngapi sasa, Kituo, hivi treni imeshapita. Alijua sauti ya kila mtu, na kwa sauti tu aliweza kumwambia mtu kwamba anaanza mafua.

Tarehe 11 Juni 1919 alifunga ndoa katika kanisa hili na Anton Tesdahl, mkulima, mtoto wa Anton Tesdahl na Ingeborg Tesdahl, na walijaliwa watoto wawili, Borghild Arlene, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1921, na Lowell Anders, aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1924, na wajukuu watano. Anton alikuwa mume mwema, mtu wa maneno machache, na alimwita mkewe Mama tangu Borghild alipozaliwa hadi mwisho.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo limenisumbua wiki nzima. Huku kwetu mwanamke akishaolewa, jina lake linawekwa kabatini pamoja na gauni la harusi, na kuanzia siku hiyo, gazetini, kanisani na kwenye bahasha, yeye ni Bibi fulani, jina la mume lote, la kwanza na la ukoo, na mume akifa anabaki nalo vilevile. Kwa hiyo tangu siku ile ya mwaka 1919 palikuwa na Bibi Anton Tesdahl wawili katika nyumba moja, mama mkwe na mkamwana, na hakuna aliyeona kwamba kuna tatizo.

Mwaka 1927 gazeti la wilaya lilimteua kuwa mwandishi wake wa kijiji chetu, na kwa miaka thelathini na mmoja aliandika safu ya Habari za Nordby, kila Jumatatu, kwa kalamu ya wino, kwenye meza ya jikoni. Aliandika nani amekula chakula cha Jumapili kwa nani, nani ameenda mjini kununua miwani, nani amelazwa, nani amerudi kutoka vitani na nani hakurudi. Habari nyingi alizipata kwenye simu, maana laini yetu ina nyumba tisa kwenye waya mmoja, kila nyumba na mlio wake, na tusidanganyane hapa kanisani, mlio ukilia kwa mmoja wanane wananyanyua. Alvina Rudd alizoea kukatisha mazungumzo yake katikati na kusema, "Jirani, isogeze hiyo saa yako ya ukutani, inagonga kwenye waya, tunashindwa kusikilizana," naye marehemu alikuwa akiisogeza, kisha anarudi kusikiliza.

Lakini katika miaka yote hiyo hakukosea jina la mtu. Kila mwaka kwenye maonyesho ya kilimo alitembea zizi kwa zizi akiandika majina ya ng'ombe walioshinda, Duchess wa Palmer Rudd, Bella wa Moen, na kama hakuwa na hakika alirudi tena zizini kuuliza. Chini ya safu yake, kila Alhamisi, gazeti lilichapa: imeandikwa na Bibi Anton Tesdahl.

Jumatatu tarehe 12 Machi 1951 mama mkwe wake, Ingeborg, alifariki akiwa kwa binti yake huko Fargo, akiwa na umri wa miaka themanini na sita, na Alhamisi yake gazeti likatoa habari kwa mistari miwili kwamba Bibi Anton Tesdahl wa Nordby amefariki dunia. Kufika saa sita mchana barabara ya kwa Tesdahl ilikuwa imejaa magari. Wa kwanza mlangoni alikuwa Alvina Rudd, ambaye wiki hiyo simu yake ilikuwa mbovu, akiwa na bakuli la tambi na samaki wa kopo lililotoka ovenini muda huohuo, na aliyemfungulia ni marehemu mwenyewe, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Walitazamana. Kisha Alvina akasema, "Sawa, kama hujafa nishikie hili bakuli, linaniunguza."

Yaliletwa mabakuli kumi na tisa siku hiyo, na keki saba, na Anton alikula tambi hadi Pasaka. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Marehemu aliandika yote kwenye safu yake, waliofika Alhamisi nyumbani kwa Tesdahl wakidhani mwenyeji amefariki ni hawa, akawaorodhesha mmoja mmoja na alicholeta, na mwisho wa orodha akatia sahihi kwa jina lake, Thea Haugen Tesdahl. Gazeti halikuchapa orodha wala sahihi. Akavaa kofia yake ya kanisani, akapanda basi hadi ofisini kwa Bwana Voss, akamwomba kwamba tangu sasa, ili watu wasizikwe kabla ya wakati wao, aandikwe kwa jina lake. Bwana Voss alimpa kiti, alimpa kahawa, alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwa upole kwamba utaratibu wa gazeti ni utaratibu, na kwamba wasomaji hawatajua huyo ni nani.

Anton alifariki kwa kiharusi tarehe 3 Novemba 1952, na jiwe lake, ambalo mtaliona hapo nje mkifuta theluji, linasema Anton Tesdahl, 1888 hadi 1952, na chini yake maneno mawili, "na mkewe." Siku ya kulitazama nilimrudisha nyumbani kwa gari langu, na tulipofika kwenye sanduku lake la barua akasema, "Selmer, hata ng'ombe wa maonyesho wanaandikwa majina." Nilimwambia nitazungumza na Lowell. Sikuzungumza na Lowell hadi Jumatano iliyopita.

Oktoba 1954 Lowell, ambaye kama mjuavyo ana duka la televisheni mjini, alimletea mama yake televisheni, ya kwanza katika nyumba tisa za laini yetu, na mwaka wa kwanza safu yake ilinenepa, kwa kuwa kila Jumamosi sebule ilijaa watu waliokuja kutazama mieleka na waimbaji, naye aliwaandika wote, hata waliokaa sakafuni. Lakini kufikia mwaka 1956 kila nyumba ilikuwa na yake, na Jumapili ikawa kimya. Hakuna tena aliyekwenda kula kwa mwenzake. Alinyanyua simu na kukuta waya mtupu. Akaanza kuwapigia mwenyewe kuwauliza wametazama nini, na wote walikuwa wametazama kitu kilekile, na Jumatatu moja aliandika, kwa usahihi kamili, kwamba Jumapili hii katika Nordby hakuna aliyemtembelea yeyote. Bwana Voss aliuondoa mstari huo akisema si habari. Mimi ningesema ndiyo iliyokuwa habari kubwa kuliko zote alizopata kumpelekea.

Mei 1958 safu ikafutwa, bila barua wala simu. Alifungua gazeti la Alhamisi akakuta mahali pake pamewekwa ratiba ya vipindi vya televisheni. Hakulalamika kwa mtu, ila aliikata ile ratiba, akaitia kwenye bahasha, akaipeleka kwa mhariri akiwa amesahihisha kwa wino mwekundu majina mawili ya waimbaji.

Septemba mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa nyumbani na Daktari Pruitt, na tarehe 19 Novemba akalazwa hospitali ya mjini, ambako kadi iliyotundikwa kitandani kwake iliandikwa Bibi A. Tesdahl. Alimwomba muuguzi kalamu, na muuguzi alidhani anataka kuandika wosia, akamwita mchungaji.

Jumatano nilimpelekea Bwana Voss tangazo la kifo, nimeliandika mwenyewe, jina lake kamili juu. Alivua miwani. "Bwana Haugen," alisema, "wasomaji hawatajua ni nani." Maneno yaleyale ya mwaka 1951. Juzi gazeti lilitoka na Bibi Anton Tesdahl, miaka 65, na nilitoka nalo hadi dukani nikiwa na hasira ambayo si ya umri wangu, nikamwambia kijana wa Moen kwamba Thea amefariki. Akaacha kupima sukari. Akaniuliza, "Thea yupi, mwalimu?"

Kijana huyo alizaliwa nyumba ya nne kutoka kwake. Kwa hiyo Bwana Voss alikuwa sahihi, hawakujua, na wangejuaje. Jioni hiyo nilifungua droo yake kutafuta cheti cha ubatizo, nikakuta barua zangu, zote alizitunza, na juu ya kila bahasha, miaka arobaini, kwa mwandiko wangu wa kialimu, nimeandika Bibi Anton Tesdahl. Lowell naye, nilipomweleza habari ya jiwe, alinijibu, "Mjomba, jiwe limeshachongwa, na kila mtu anajua mkewe ni nani." Sikumlaumu. Angejifunza wapi.

Basi ardhi imeganda, na jeneza litakaa katika chumba cha mawe nyuma ya kanisa hadi Aprili, wakati makaburi yatakapoweza kuchimbwa. Lowell, mwanangu, mchongaji ana miezi minne, na chini ya yale maneno mawili kuna nafasi, nimeipima. Nasema haya mbele ya watu wote hawa ili Aprili nisiwe peke yangu ninayekumbuka.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Pruitt, aliyekuja kwenye barafu kila alipoitwa, wauguzi, Mchungaji Ostby, majirani wa nyumba nane za laini yetu, ambao wiki hii wamekaa bila kunyanyua simu isiyo yao, jambo ambalo marehemu asingelielewa, na akina mama walioko jikoni. Namshukuru Alvina Rudd kwa bakuli la ishirini. Namshukuru pia Bwana Voss kwa kuja, maana hakulazimika, na namwomba atoe kalamu, na kama hanayo ninayo ya ziada, kwa kuwa nitasoma polepole, kama nilivyosoma imla darasani miaka arobaini na moja.

Pumzika, dada yangu, bila wasiwasi, nimeyakagua majina yote.

Thea Marie Haugen, mke wa Anton Tesdahl, mwandishi wa Habari za Nordby, alifariki Jumanne tarehe 8 Desemba 1959, saa nane mchana.