Ubeti Ambao Kinanda Hakuuimba

Marehemu, tuliyemjua sote kwa jina la Kinanda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika nyumba za wachimbaji, nyuma ya mgodi wa makaa ya mawe. Mama yake alisema alilia kwa mahadhi. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu alimsifu kwa hesabu na kumtoa nje kwa kuimba.

Mwaka 1966 aliingia shimoni pamoja na mdogo wake, na haikupita muda akawa mwimbishaji wa zamu. Waliimba habari za vumbi, migongo iliyopinda, mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na wake wanaotega sikio wakiomba king'ora cha ajali kisilie. Ila walikuwa na mwiko wao: ubeti wa mwisho wa wimbo wao hauimbwi chini shimoni. Huimbwa juu, mtu wa mwisho wa zamu akishatoka. Tarehe 14 Agosti 1975 paa la shimo liliporomoka. Mdogo wake hakutoka, wala hakupatikana. Kinanda alisimama langoni mpaka giza likaingia, na ubeti ule hakuuimba tena.

Mwaka 1978 alimuoa mshonaji wa sare za mgodi. Watoto wao aliwabembeleza kwa wimbo uleule, akiukatiza palepale.

"Mzee, huu wimbo wako hauna mwisho?" mkewe alimtania.

"Unao, mama. Kuna mtu tunamngoja."

Vumbi la makaa lilimkaa mapafuni, na mwaka jana likamlaza. Alisinzia dirisha likiwa wazi, akaamka akitabasamu: amemwona mdogo wake akija taratibu, taa kichwani, njia yote nyeupe. Siku moja akamvuta mkewe karibu.

"Anakaribia kutoka. Mimi pumzi sina. Shika maneno."

Akamnong'oneza ubeti mzima. Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Inauma, na itatuuma kwa muda mrefu.

Ameacha mjane, dada, watoto wanne na wajukuu, ambao wote wanaujua wimbo huo na hakuna aliyewahi kuusikia ukiimbwa hadi mwisho. Mjane anasema sauti yake ni ya kukwaruza, tusimcheke. Kabla hatujamshusha, atauimba ubeti wa mwisho. Tunaomba kimya.

Zamu yote imeshatoka. Kinanda na mdogo wake wapumzike kwa amani.