Shangazi na Kilo Thelathini na Moja za Rubani Wake

Shangazi anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini, saa nne asubuhi, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wageni mnaomtafuta meza kuu, mwenye maua kifuani, msisumbuke. Shangazi ni ndege. Ana injini moja, viti tisa, mabawa juu ya paa na magurudumu manene ya kukanyagia nyasi, kokoto na, mara moja tu, bustani ya nyanya ya mwalimu mkuu. Hilo la bustani nilikuwa mimi.

Jina alipewa na akina mama wa viwanja vya mbali. Walisema anafika bila taarifa, kelele zake zinamtangulia, haji mikono mitupu, na akiondoka kila mtu amebaki na vumbi usoni.

Alianza kazi kwa kupeleka chanjo na madaftari. Baadaye akabeba walimu, wagonjwa, mabati, na vifaranga mia mbili waliotoka kwenye maboksi yao tukiwa angani, pamoja na mkaguzi wa shule ambaye tangu siku hiyo anapanda basi. Mita mia tatu za majani zinamtosha kuruka. Nimemrusha kwa miaka kumi na tisa, na kila aliposifiwa kwa kutua vizuri, aliyeitikia asante ni mimi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ya sherehe iliniomba niligusie juu juu. Kabla ya kila safari rubani hujaza karatasi ya uzito: abiria, mizigo, mafuta, na yeye mwenyewe. Abiria tunampima kwenye mizani, awe nani awe nani. Rubani hapimwi, anaaminiwa. Nilipoajiriwa nilikuwa na kilo sabini na mbili, na begi langu kilo tano. Nikaandika hivyo. Kesho yake nikanakili ya jana, na nikaendelea kunakili kwa miaka kumi na tano.

Katika miaka hiyo nilioa mwanamke anayejua kupika, na sina utetezi mwingine. Mashati ya kazi yalinibana mara nne, na mara zote nne nikagombana na dobi.

Shangazi naye, kwa maoni yangu ya kitaalamu, akaanza kuchoka. Alichelewa kuinuka. Nikaandika kwenye daftari la hitilafu kwamba ndege imezeeka na inavuta miguu. Niliandika mara sita, kwa wino mwekundu. Ofisi ikaniamini, na miaka minne iliyopita ikaandaa barua ya kumwondoa kazini. Fundi wetu mkuu, mtu wa maneno machache, alifungua injini yote, akaifunga, akasema haoni ubovu wowote. Kantini nikawaambia wenzangu kwamba maskini fundi, macho nayo yamekwenda.

Siku chache kabla barua haijasainiwa, fundi aliomba tusafiri pamoja ajionee. Tulikuwa uwanja wa mlimani, mfupi kuliko vyote na unaoishia kwenye bonde, muuguzi wa zahanati alipotujia mbio. Kulikuwa na mama mwenye uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na bila upasuaji siku hiyo tungewapoteza wote wawili. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na hewa ya joto ni nyepesi, haimsaidii ndege yeyote kuinuka. Nikatazama majani, nikatazama bonde, nikatangaza kwamba kwa uzee ule Shangazi hawezi.

Fundi hakubishana. Aliburuta mizani ya magunia kutoka ghala la jirani. Uzito wa mgonjwa ulikuwa kwenye kadi yake ya kliniki. Muuguzi akapimwa, mama mkwe wa mgonjwa akapimwa, kisha nikaonyeshwa kidole mimi. Mshale ulipita sabini na mbili bila hata kusalimia, ukaenda kusimama tisini na nne. Begi likaja kilo kumi na nne, maana ndani mlikuwa na chupa mbili za chai, viatu vya akiba na pasi. Ya umeme, ndiyo. Mama mkwe akauliza ni nani hasa anayepelekwa kujifungua.

Watu walicheka, nami nikacheka nao, huku nikipiga hesabu. Kwa miaka nilikuwa naruka na kilo thelathini na moja ambazo hazikuwepo kwenye karatasi, halafu namsingizia yeye. Fundi akashusha begi langu, akashusha viti vitupu, kisha akashuka mwenyewe. Alisema angependa zaidi abaki rubani, bahati mbaya tu yeye hajui kurusha. Shangazi akainuka yakiwa yamebaki majani ya hatua arobaini. Saa kumi jioni mtoto akatolewa salama, wa kike, kilo tatu na robo.

Fundi alikaa mlimani siku tatu kabla sijamrudia. Alipofika, chini ya wino wangu mwekundu aliandika: “Hitilafu imepatikana. Iko kwenye kiti cha rubani.” Daftari hilo nililipeleka ofisini mimi mwenyewe, nikaomba barua isisainiwe. Ngazi za ofisi ni kumi na mbili tu, na nilipumzika mara mbili.

Shangazi akaongezewa miaka minne, na katika miaka hiyo amewahisha hospitali wagonjwa sitini na watatu. Sasa saa zake za kuruka zimetimia kweli. Safari hii aliyesaini barua ni fundi, kisha akaenda kunawa uso kwa muda mrefu. Shangazi anahamia chuo cha ufundi, ambako wanafunzi watamfungua na kumfunga mpaka wamjue.

Safari ya mwisho ilikuwa Jumanne iliyopita, mlimani kulekule. Yule mtoto alipanda mizani akiwa na kilo kumi na sita. Nikapanda na mimi, nikaisoma namba kwa sauti ili bibi yake asikie: tisini na moja. Akasema naona unajitahidi.

Shangazi, asante kwa kila mtu uliyemfikisha, na asante kwa kunibeba mimi na uongo wangu miaka yote bila kutuangusha. Nakupenda, na nilikukosea. Sote hapa tunakuombea pumziko jema, chini ya paa lisilovuja. Kilo zangu sasa nitazibeba mwenyewe.