Mjerumani Aliyenifanya Nisiribe Nyumba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa kule mlangoni, mnaofuta bado matope miguuni, kwenu pia Bwana asifiwe! Wazee wa kanisa, shikamooni.

Mimi ni Robi. Mume wangu mnamjua, ni huyu mwinjilisti wenu Mwita, aliyekaa hapo mbele akijifanya anatafuta andiko. Hatafuti andiko lolote. Anaogopa nitakalosema.

Ndugu zangu, kabla ya Operesheni tulikaa ng'ambo ya mto, kwenye boma letu wenyewe. Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Nyangi. Alikuwa mtundu, jamani! Alikula udongo, alikimbiza kuku, alipanda mgongoni kwa babu yake akimwambia twende malishoni. Siku moja nasiriba nyumba kwa udongo na mavi ya ng'ombe, naye akachota tonge lake akalipiga ukutani kwa nguvu, na kiganja chake kikabaki pale karibu na mlango. Nilitaka kukifuta. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa mvivu siku hiyo.

Homa ilimchukua akiwa bado na meno ya utotoni. Tukamzika bomani, kama tunavyozika watu wetu. Asubuhi nikitoka nje naliona kaburi, na jioni nikiingia ndani nagusa kile kiganja. Hivyo ndivyo nilivyoweza kuishi.

Ndipo ikaja Operesheni ya kuhamia kijijini. Siisemi vibaya serikali. Leo tuna shule, tuna zahanati, na Marwa wangu, mdogo wake Nyangi, amechanjwa. Lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze! Wasimamizi waling'oa nyasi za paa ili tusirudi. Mvua ikaunyeshea ukuta usio na paa, na nilipokwenda kukata ndizi kwenye mahame yetu nikakuta ukuta ni tope. Nililishika lile tope nikiutafuta mkono wa mwanangu. Sikuuona.

Huku kijijini wanaume walikuja kutusaidia kwa risaga, ile kazi yetu ya ujima, wakasimamisha miti na kujaza udongo, wakanywa togwa wakaondoka. Kilichobaki kilikuwa kazi yangu mimi mwanamke, kuisiriba. Nikagoma. Udongo ukakauka, ukapasuka, upepo ukaingia kila mahali, na mtoto akakohoa. Balozi wa nyumba kumi akaja akaniambia, "Mama Marwa, nyumba yako inaaibisha mstari mzima!"

Mama Marwa! Ndugu zangu, hapo ndipo palipouma zaidi. Watu wa kijiji kipya walitoka sehemu mbalimbali, waliniona na Marwa mgongoni, wakaniita hivyo bila ubaya wowote. Lakini mimi nilikuwa Mama Nyangi! Nikaona hata jina lake tumeliacha kwenye mahame. Kanisani niliimba kwa mdomo, moyoni nilikuwa nimemnunia Mungu. Mume wangu alijua. Hakunigombeza hata siku moja, alikuwa anaziba nyufa kwa matambara ya nguo zake mwenyewe, mpaka akabaki na shati moja la kuhubiria.

Basi, akaja mwalimu kijana kutoka Bukoba, Mwalimu Byabato, mnamkumbuka, yule mpole aliyekuwa anaogopa ng'ombe. Alikuwa na kijitabu chembamba cha Kiingereza kinachoeleza kwa kifupi mawazo ya mwanafalsafa mmoja wa Kijerumani. Mwita aliposikia kwamba Mjerumani huyo alisema Mungu amekufa, alikiazima palepale ili akijibu Jumapili. Na mahubiri yake yote, ndugu zangu, lazima kwanza anijaribie mimi jikoni. Kwa hiyo mimi nasaga ulezi kwenye jiwe, yeye amekaa kwenye kigoda anasoma na kunitafsiria, jua la mchana linatupenyea kwenye nyufa.

Aliposema, "Mungu amekufa," nikamuuliza, "Kaburi lake liko kwenye boma la nani?" Mwita akacheka mpaka kitabu kikaanguka kwenye unga. Lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Kwetu mtu hafi hivihivi tu bila boma la kuzikiwa.

Akaendelea. Mjerumani hapendi huruma, anasema inadhoofisha watu. Nikasema, huyo hajawahi kuuguliwa. Mwita akageuza kurasa, akaniambia kumbe alikuwa mtoto wa mchungaji, na baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Na utu uzimani aliugua akili, mama yake akamrudisha nyumbani akamtunza kama mtoto. Niliacha kusaga. Wajerumani tuliowasikia kwa babu zetu walikuwa wa viboko, lakini huyu, ndugu zangu, nilimpenda! Nilimuona yule mama akimlisha mwanawe mwenye masharubu yale ya kwenye picha ya jalada. Alichokikataa kitabuni ndicho alichopewa mwishoni, na mama yake.

Halafu Mwita akafika mahali Mjerumani anapouliza swali. Anasema, tuseme pepo anakujia ukiwa mpweke, anakuambia kwamba maisha yako haya utayaishi tena, na tena, bila mwisho, machungu yaleyale na furaha zilezile, hakuna litakaloondolewa. Je, utamlaani pepo huyo au utamshukuru?

Mwita akasema, "Upuuzi. Ni kinyume cha Maandiko," akataka kugeuza ukurasa.

Nikamwambia, "Rudia hapo."

Akarudia. Wazee, msinikunjie uso! Mimi siamini kwamba tutazunguka hivyo. Nangoja ufufuo kama ninyi. Lakini swali lilikuwa limeshaniingia. Nikaanza kulijibu: hapana! Homa ile tena? Kumbeba tena usiku kucha kuelekea hospitali, nikisikia pumzi yake inapungua shingoni kwangu? Paa ling'olewe tena? Hapana, hapana, hapana!

Ndipo nikasikia nilichokuwa nakisema. Ndugu zangu, nilikuwa namkataa Nyangi! Siwezi kuchukua mtoto nikaacha kaburi. Nikikataa homa nakataa na wale kuku aliowakimbiza, nakataa na kile kiganja. Vyote vimo kwenye maisha hayohayo. Na mimi kumkosa kabisa mwanangu nisingeweza, hata kama ningeambiwa sitalia tena mpaka nife.

Nikasema kwa sauti, "Ndiyo."

Mwita akauliza, "Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nakubali. Yote. Hata Operesheni."

Nikalia, ndugu zangu! Tangu tumzike sikuwa nimelia hivyo. Nililia juu ya ulezi mpaka ukawa hausagiki. Na katikati ya kilio nikasikia mdomo wangu unasema, "Asante, Bwana, ulinipa Nyangi." Mwaka mzima nilikuwa nimemuuliza Mungu kwa nini alimchukua. Sikuwa nimemshukuru kwamba alimleta! Minyororo ilikatika palepale. Haleluya!

Mwita naye alikuwa analia. Kitabu kilikuwa sakafuni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je? Ungenikubali tena?" Nikamwambia nitamjibu akiniletea maji ya kusiribia.

Nilidhani atatuma mtu. Alisimama, akabeba debe mwenyewe, mwanaume wa Kikurya, mwinjilisti mzima, akashuka kisimani mchana kweupe! Wanawake wakapiga vigelegele, "Leo mwinjilisti ameolewa!" Alirudi amelowa mpaka magoti, debe limebaki nusu. Akageuka akaenda tena. Mimi nikachimba udongo, nikachota mavi ya ng'ombe, na kabla ya jua kuzama ukuta wa mbele ulikuwa laini. Jibu nilimpa, lakini hilo si la kanisani.

Kitabu tulimrudishia Mwalimu Byabato kikiwa na unga wa ulezi. Jumapili Mwita alipanda hapa kumjibu Mjerumani, akashindwa kumtukana. Akaomba tu, "Bwana, umkumbuke na yeye." Mlishangaa siku ile. Sasa mmejua.

Ndugu zangu, natoa shukrani. Namshukuru Mungu, ambaye akitaka kukufikia hachagui mjumbe. Namshukuru mume wangu na shati lake moja. Wewe unayemnunia Mungu leo, uliyeacha mtu wako kwenye mahame, usione aibu. Mwambie yote, halafu mshukuru kwamba ulikuwa na mtu wa kumlilia. Mwamini. Atakupokea na hasira zako.

Na njooni nyumbani mshike ukuta wangu, haupitishi upepo hata kidogo. Ila mkifika msibishe hodi kwa Mama Marwa. Marwa mwenyewe nimeshamweleza, amekubali, anasema dada ndiye mkubwa. Bisheni hodi kwa Mama Nyangi. Nitaitika.