Anselmi Paulo Kobelo, 1952–1996: Fundi wa Tairi Lililolika Upande

Marehemu Anselmi Paulo Kobelo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 katika kijiji chetu hiki, juu ya Mkuyuni, mtoto wa pili wa Mzee Paulo na Mama Eufrazia, wakulima wa ndizi na mboga.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Mwalimu alimkanya mara nyingi kwa kufungua baiskeli za wageni. Alizifunga tena, ingawa si zote.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika karakana ya kiwanda kimoja mjini Morogoro, akahamia mtaa wa Mafiga. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1991, naye alipunguzwa. Kwa kiinua mgongo alinunua pikipiki kuukuu, akaipa kazi mbili zisizopatana: siku za kazi kuteremsha kabichi kutoka milimani hadi sokoni, na sikukuu kushindana na mafundi wenzake kwenye barabara za shamba la mkonge lililoachwa. Alitamani jambo moja tu, kumaliza mashindano tairi la nyuma likiwa zima.

Tairi hilo lilikuwa likilika upande wa kulia. Alinyoosha gurudumu, akalaumu cheni, akalaumu springi za shokapu. Aliweka springi ngumu. Zilibeba kabichi vizuri, lakini pikipiki ikiwa tupu gurudumu la nyuma lilirukaruka kama mbuzi na kulisaga tairi zaidi. Aliweka laini, mzigo ukazilaza. Basi kila mkesha wa mashindano alibadili springi, na tairi likaendelea kulika palepale.

Tarehe 8 Mei 1976 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Editha, na Mungu akawajalia watoto watatu. Editha ndiye aliyeshuhudia jaribio lake kubwa. Ilikuwa mwaka 1993. Mtani na rafiki yake Salehe, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa akimfuata kwa pikipiki yake.

"Wewe Mluguru, barabara imenyooka, mbona umepinda?"

"Nimeumbwa mlimani mimi."

"Umepindishwa na kabichi!"

Ndivyo ilivyokuwa. Gunia lilining'inia kushoto, kwa sababu kulia kuna bomba la moshi, na ili asianguke alikuwa akiinamia kulia safari nzima. Kesho yake aligawa mzigo pande mbili, akakinga bomba kwa bati la debe. Editha alipofungua gunia la kulia, mvuke ulimpiga usoni.

"Baba Lucy, hizi ni za kuuza au nipakue?"

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akarudisha mzigo wote kushoto. Bila kabichi hakukuwa na petroli, na kwa kabichi hakukuwa na tairi. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa matairi mapya kutoka nje. Alikuwa akiingia, anayabonyeza, anamshukuru mwenye duka na kutoka.

Sabasaba ya 1995 aliongoza hadi mzunguko wa mwisho, tairi likapasuka. Akaisukuma pikipiki mpaka mstarini.

"Fundi, unaisindikiza kwao?" watu wakamzomea.

"Imenibeba wiki nzima. Acheni nami niisaidie kidogo."

Mwishoni mwa mwaka huo alianza kuvimba miguu na uso. Daktari alitueleza kwa upole, hata akatuchorea. Figo zilikuwa zinakufa, na uwezo wa kuzirudisha hakuwa nao. Marehemu aliutazama ule mchoro, akasema, "Basi sababu tumeijua."

Mwezi huu wa Machi alipanda na Salehe kwa pikipiki kumwona mama yake, akazidiwa hukuhuku. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halikuweza kupanda. Salehe alimteremsha kwa pikipiki ileile, amefungwa mgongoni kwake kwa kanga za Editha. Hakuweza kukaa wima. Alilalia kushoto, na Salehe akainamia kulia njia nzima. Walipokaribia Mkuyuni, marehemu alisema:

"Salehe, unalimaliza tairi langu."

"Nyamaza, bwana. Nitakununulia jingine."

"Lini?"

Salehe anasema alikaza usukani, akaendelea kuteremka. Walifika hospitali, wakapokewa vizuri. Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Machi 1996, alfajiri.

Ameacha mama yake, Eufrazia, mjane wake, Editha, watoto Lucy, Baraka na Godfrey, dada yake, Magdalena, na mimi mdogo wake, Gabrieli, ninayesoma maneno haya. Pikipiki iko kwa Salehe. Upande wa kushoto tairi bado lina meno, upande wa kulia zimebaki nyuzi.

Kutoka hapa hadi kaburini ni kupanda. Familia inawaomba vijana watakaombeba walinganishe mabega, mrefu kwa mrefu, mfupi kwa mfupi, ili safari hii asilalie upande. Mungu amtue mzigo wake, naye apumzike kwa amani.