Gaspar Aliyeondoka Mkavu

"Sikupi! Nimesema sikupi, usiniulize tena!"

"Baba, lori linanisubiri pale barabarani."

"Liende! Pikipiki ni jembe? Huko Zambia utavuna nini, moshi?"

"Kwa hiyo unaninyima maji kwa ajili ya pikipiki?"

"Nakunyima kwa sababu una kichwa kigumu kama mama yako!"

"Na mimi nimeingiaje humo?" Hiyo ni sauti ya mama, toka jikoni.

"Basi ntaenda mkavu!"

Mlango wa bati ukapiga kelele, paa!

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo Gaspar alivyoondoka kwao Magamba, jirani na Mpanda, mwaka 1970. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Aliyekuwa anapiga kelele ni baba yake, Mzee Silvester. Mama yake ni Mama Josefina. Na kwenye gunia la mpunga, kimya, alikaa kaka mtu, Melkior. Leo tunamkumbuka Gaspar. Imetimia miaka mitatu tangu afariki. Na Melkior tunaye hapa studio. Amekuja kwa treni toka Mpanda, siku tatu njiani, kuna jambo anataka kulisema.

Sasa haya maji ni maji gani? Kwao, mtu akisafiri, baba anachota maji kwenye kata, anajaza mdomo, anampulizia kifuani. Pfuuu! Halafu anapulizia na chombo anachoendea. Kama ni baiskeli, baiskeli. Kama ni jembe, jembe. Basi, nenda salama. Asiyepuliziwa wanasema kaondoka mkavu. Gaspar aliondoka mkavu. Hilo tulishike, wasikilizaji wapendwa.

Huyu Gaspar pikipiki alijifunzia kwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuiosha tu, lakini aliiosha mpaka Sitalike na kurudi! Mama Josefina anasema, "Nguo zake zote zilinuka petroli. Hata kanisani, watu walikuwa wanahama benchi."

Kule Zambia akapata kazi ya ufundi, mji wa Kitwe, kwenye migodi. Baadaye akaanza kushindana. Miaka mitano hakurudi. Barua zilikuja, Melkior akizisoma kwa sauti, mzee akijifanya anachonga mpini, hasikii. Lakini Melkior akiruka mstari mmoja tu, mzee anauliza, "Mbona umenyamaza hapo?"

Mwaka 1975 ikaja barua yenye picha. Gaspar juu ya pikipiki, kifuani namba kumi na saba. Kaandika, mwezi wa nane kuna mashindano makubwa, Jumamosi na Jumapili, nyie njooni mnishangilie.

Mzee wakati huo alikuwa anaumwa kifua, hatoki kitandani. Akaitazama ile picha siku nzima. Kesho yake akamwita Melkior. Akaomba maji. Akayanong'onezea, akayamimina mwenyewe kwenye chupa, akafunga na gunzi la mahindi.

"Mpelekee mdogo wako. Umpulizie wewe, mdomo wako ndio mdomo wangu. Na hilo dude lake ulipulizie. Usimwache apande kabla hujampa, umenisikia? Halafu umlete nyumbani. Nataka kumwona."

Melkior aliondoka na Damiano, fundi baiskeli, rafiki wa Gaspar toka utotoni. Damiano alibeba shuka jeupe la mke wake, kaliandika kwa rangi nyekundu, MPANDA.

"Mkeo anajua?" Melkior akamuuliza.

"Atajua akitaka kulala."

Wakapanda lori mpaka ziwani. Wakaingia melini, siku mbili juu ya maji mpaka Mpulungu, upande wa Zambia. Halafu mabasi. Njia nzima Melkior alipakata ile chupa kama mtoto mchanga. Kwenye basi mama mmoja akamuuliza, "Hiyo gongo?" Damiano akajibu, "Hapana mama, ni baba yake." Basi zima likacheka.

Walifika Ijumaa jioni. Gaspar aliwakumbatia wote wawili kwa mpigo, mikono myeusi kwa grisi. Akaoneshwa chupa. Akauliza, "Kaitoa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakulazimishwa na mama?"

"Mwenyewe, nimekwambia."

Akageuka, akajifanya anatafuta spana. Halafu akasema, "Jumatatu tunarudi wote. Nimeshaomba likizo. Lakini maji tusubiri Jumapili jioni, kaka. Tufanye kwa utulivu."

Jumamosi yalikuwa majaribio. Vumbi, kelele, watu wamepanda mpaka kwenye miti. Hawa wawili na shuka lao walikuwa kichekesho cha uwanja. Wazambia wakawauliza, Mpanda ndio nini? Damiano akawajibu, ndio mji mkuu wa dunia. Mchana ulipofika upande ule wote wa uwanja ulikuwa unaimba, "Mpanda! Mpanda!" Na Gaspar kila akipita anainua mkono mmoja. Melkior alilia kwa furaha, anasema ile ndiyo siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi.

Jumapili sasa.

Melkior hakulala vizuri. Maneno ya mzee yalimkaba: usimwache apande kabla hujampa. Na Jumamosi ameshapanda! Melkior akaona amevunja agizo. Zimebaki dakika chache waanze, akaruka kamba, akakimbia mpaka Gaspar alipokuwa anajaza mafuta.

"Kaka, jioni tulisema!"

"Sasa hivi, Gaspar. Baba alisema sasa."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Gaspar akacheka. Akafungua zipu ya koti, akakaa wima kama mtoto anayepimwa nguo. Melkior akajaza mdomo. Pfuuu! kifuani. Akajaza tena. Pfuuu! usukani. Akajaza mara ya tatu, mdomo umejaa kabisa maana alitaka yaishe yote, akapulizia juu ya pikipiki, kuanzia kiti, kuja mbele.

Kifuniko cha tangi kilikuwa wazi.

Wasikilizaji wapendwa, narudia taratibu. Kifuniko cha tangi la mafuta kilikuwa wazi. Gaspar alikuwa kafumba macho, anapokea maji ya baba yake. Hakuona. Melkior aliona, lakini yeye ni mkulima wa mpunga. Kwake maji hayajawahi kuharibu kitu.

Gaspar akafunga tangi. Akasema, "Sasa mimi si mkavu tena." Akaenda.

Raundi tatu alikuwa wa pili. Raundi ya nne, kwenye kona, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Aliyekuwa nyuma yake hakuwahi kukwepa.

Damiano alikuwa bado anaimba, Mpanda, Mpanda. Akaimba peke yake, watu wote wamenyamaza, mpaka Melkior akamshika mkono.

Gaspar alifariki hapohapo. Tarehe kumi na saba Agosti, 1975. Miaka ishirini na sita.

Jioni fundi mmoja akafungua kabureta ya ile pikipiki. Akamimina kiganjani mafuta yaliyobaki. Katikati ya mafuta kulikuwa na matone yanateleza, meupe, hayachanganyiki. Akauliza, "Nani katia maji humu?"

Melkior alikuwa amesimama hapo. Chupa tupu iko mfukoni. Akaisukuma chini zaidi.

Akamzika mdogo wake kulekule Kitwe, wakalitumia lile shuka kumfunika. Akarudi Magamba. Mzee Silvester, kabla hata ya kulia, akauliza, "Ulimpa maji?"

"Nilimpa, baba."

"Kabla hajapanda?"

"Kabla hajapanda."

Mzee akashusha pumzi. "Basi mwanangu hakufa mkavu." Miezi miwili baadaye akafariki, uso umetulia.

Na Mama Josefina mpaka leo, mgeni akija kutoa pole, anamwambia, "Afadhali huyu Melkior alimpelekea maji ya baba yake." Anamwambia kila mgeni. Na kila akisema hivyo, Melkior anatoka nje. Mama anadhani ni uchungu wa kufiwa. Miaka mitatu anatoka nje. Chakula hali vizuri, usingizi hapati. Shambani anakaa anaangalia maji yanaingia kwenye majaruba ya mpunga mpaka yanafurika. Kumwambia mama uso kwa uso ameshindwa. Ndiyo maana amekuja huku, maana anajua saa hizi mama yuko Magamba na redio kapakata.

Mama Josefina, umesikia. Mwanao hakuthubutu, akaniomba mimi nikwambie. Pole, mama. Pole kwa Gaspar, pole kwa mzee, na pole kwa hili ulilolisikia leo. Pole kwa Damiano, tunaambiwa toka siku ile hajaimba hata kanisani. Na wewe unayetusikiliza, kama una ndugu umemnyima neno zuri kwa hasira, usingoje kumtumia kwa mkono wa mtu. Simama, mfuate mwenyewe, kabla hajafika barabarani.

Nimemuuliza Melkior kama ana neno la mwisho kwa mama. Ametikisa kichwa. Nimemuuliza sasa anakwenda wapi. Amesema, "Nyumbani. Akinifukuza, anifukuze nikiwa mbele yake."

Tulimwekea glasi ya maji hapa mezani toka tulipoanza. Imejaa vilevile. Sasa anasimama. Anachukua kofia yake. Kaka Melkior, kunywa basi hata kidogo, safari ni ndefu.

Hataki.

Huo mliousikia ni mlango, ameufunga taratibu.