Fundi Thani na Wito wa Meli ya Mwisho

Tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini ya utumishi, kumi na minane jeshini na kumi na miwili katika karakana yetu hapa Sur, Fundi Thani bin Hamdun anastaafu. Kurasa za Kiarabu za kijitabu hiki zimeandikwa na utawala, na zimeandikwa vizuri. Mna vyeo vyake, tarehe zake, na picha yake akiwa na masharubu meusi. Ukurasa wa Kiswahili nimepewa mimi, Fawziya wa ghala ya vipuri, kwa kuwa nusu ya karakana ni watu wa Unguja na wa Bara, nasi tulisema hatutaki kuagana na mwenzetu kwa maneno ya ofisini peke yake. Nimeambiwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, lakini siahidi.

Fundi Thani alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Oman mwaka 1974 na sanduku la nguo na jingine la spana. Alipokwenda kuandikwa jeshini aliulizwa anajua nini, akasema mashine. Alipoulizwa kama anajua Kiarabu, akasema atajifunza. Alijifunza kweli, lakini mpaka leo akikasirika hurudi Malindi. Mafundi wetu wa Kihindi wamekijua Kiswahili kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya wanachokijua haisemeki mbele za watu.

Wavuvi wa mtaa wa Aija wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa mkaguzi wa bandari. Mtu huleta mashine ya boti iliyojaa chumvi hadi kwenye pua, akaapa kwamba imejizimikia yenyewe, na Thani humwuliza kwa upole ilizama siku gani. Mashine ikiwa inanguruma huitegea bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho kama mtu asikilizaye kanda ya zamani. Harusini humkuti karibu na sahani za wali. Mtafute kwenye jenereta, utamkuta anamfundisha mwenye nayo adabu ya kubadilisha oili.

Hayo ndiyo ya kuchekesha, na yangetosha kama huyu angekuwa mtu wa karakana tu. Lakini ujuzi aliokuja nao kwetu aliupata katika meli ya vita, na namna alivyotoka katika meli ile haimo katika kurasa za Kiarabu. Humo imeandikwa kwamba alihudumu katika Al-Murafiq mpaka mwaka 1991, basi. Mstari mmoja.

Al-Murafiq ilikuwa meli ndogo ya kijeshi ya kusindikiza misafara. Ilikuwa na mashine mbili za dizeli, mzinga mmoja mbele, mabaharia wasiofika arobaini, na jiko ambalo bahari ikichafuka, mchuzi uliishia ukutani. Kazi yake ilikuwa kutangulia meli za biashara katika maji ya hatari, kuzizunguka, kuangalia mabomu yaliyokuwa yakielea, na kuokoa watu likitokea la kutokea. Meli ilizoziongoza zilikuwa kubwa kama mitaa, nayo ikienda mbele yazo kidogo kidogo ikitoa moshi, basi mabaharia wa Kiunguja wakaibandika jina la Yaya. Katika miaka ya themanini, wakati meli za mafuta zilipokuwa zikishambuliwa huko Ghuba, Yaya iliwatoa watu kwenye maji yaliyokuwa yakiwaka moto. Thani alikuwa chini kwenye mashine, na aliowaokoa hakuwaona mpaka walipoteremshwa kwake kukaushwa nguo.

Humo mlikuwa na desturi ambayo haikuamriwa na mtu. Lugha za redio zilikuwa Kiarabu na Kiingereza. Lakini mafundi wengi, wa Yaya na wa meli ndogo za Kiomani zilizosindikizwa, walikulia Unguja, Pemba, Mwanza au Bujumbura, na fundi ambaye mashine yake inamsumbua hana nafasi ya kutafuta maneno. Wakajichagulia chaneli ya pembeni, wakazungumza Kiswahili asubuhi na jioni: mafuta, joto la maji, na nani kaoa. Wakubwa walijua, wakanyamaza, kwa sababu ilisaidia. Bader, msaidizi wa nahodha, mzaliwa wa Unguja kama Thani, aliiweka wazi chaneli hiyo juu kwenye chumba cha usukani, akikicheka Kiswahili cha watu wa Bara. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu, watu wa lugha hii. Tulijisikia nyumbani mahali ambapo hatukuwa nyumbani.

Mwezi wa Februari 1991 Yaya ilisindikiza meli saba kuingia Ghuba. Ya mwisho na ndogo kuliko zote iliitwa Dana, mali ya Kampuni ya Meli ya Bu Sidra, imebeba mchele na unga. Fundi wake alikuwa Zuhair, kijana wa mji wa Ibra mzaliwa wa Bujumbura, ambaye Thani mwenyewe alikuwa amemfundisha kazi. Siku moja, baada ya Alasiri, Zuhair aliita kwenye chaneli ya mafundi. Thani ameniambia maneno yake mara nyingi, na hayabadiliki.

"Mzee Thani, pampu ya dizeli imekataa kabisa. Waambie wa juu wapunguze spidi, tafadhali. Nitaitengeneza, ila tusiachwe."

Kabla Thani hajashika simu ya kupeleka habari juu, sauti ya Bader iliingia redioni ikajibu, kwa Kiswahili safi cha mjini: "Tumekusikia, Zuhair. Vuta subira, bwana."

Nahodha aliamua msafara usipunguze mwendo. Thani hajawahi kumlaumu kwa hilo, nami nalisema ili asije mtu akadhani tunalalamikia vita. Meli sita haziwezi kusimama katika maji yenye mabomu kwa ajili ya moja. Dana ilibaki nyuma, mkondo ukaitoa katika njia iliyokwisha kusafishwa, na kabla jua halijazama ikagonga bomu. Yaya iliporuhusiwa kurudi iliwakuta mabaharia watatu wa sitahani, watu wa Bombay, waliojua jambo moja tu, kwamba mashine ilinyamaza. Nahodha wao alikufa, na Zuhair, na wote waliokuwa chini pamoja naye.

Uchungu wenyewe unaanzia hapa. Kilipoitishwa kikao cha uchunguzi, Bu Sidra walikuwa na maelezo yao tayari. Walisema fundi hakutoa taarifa, pengine alikuwa amelala, na lau angeita, meli ingefungwa kamba ikavutwa. Bader akaulizwa kama aliusikia wito wowote wa kuomba msaada.

"Kwa Kiarabu hakuita," alisema. "Kwa Kiingereza hakuita."

Hakuna neno la uongo hapo, na mimi nimewahi kuusikia uongo mwingi ulio na haya kuliko ukweli huo. Thani alikuwa nyuma chumbani na hakuwa ameulizwa. Alisimama hivyo hivyo, akasema, "Aliita kwa Kiswahili, na huyu hapa alimjibu kwa Kiswahili." Akaambiwa akae. Alipokataa kukaa akaambiwa atoke. Uamuzi ukatolewa kwamba hakukuwa na wito, na kwamba Dana ilipotea kwa uzembe wa fundi wake.

Msema kweli hana wajoli. Mwezi haukupita, Thani akatolewa kwenye mashine, akawekwa nchi kavu kugawa viatu na mablanketi. Mwaka uliofuata akaja kwetu. Nishani za msafara ule zilitolewa, nazo zilifika chumba cha usukani zikasita kushuka ngazi. Yaya yenyewe iliuzwa chuma chakavu. Thani alipewa habari hiyo akiwa ameinamia gia ya boti, akauliza mashine zake zimeuzwa pamoja nayo au mbali. Nilipomwambia pamoja, akaendelea na gia.

Watu humwona ni mkali wakadhani ni tabia. Mimi nimekaa naye ghalani miaka hii yote, tukinywa chai yake iliyozidi tangawizi, na najua alichokibeba. Ibra yuko Mama Ghalia, mama yake Zuhair. Jirani yake, Azza, mumewe alikuwa mpishi wa Dana. Wanawake hawa wawili walikuwa wakinywa kahawa ya asubuhi pamoja tangu walipohamia mtaa huo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Uamuzi ulipotoka, Azza aliacha kuja. Hakutukana wala hakupiga kelele. Alipeleka dele lake la kahawa nyumba nyingine, na mtaa mzima ukaelewa kwamba mtoto wa Ghalia alilala kazini akaua waume za watu. Mama Ghalia hutandika mkeka wake kila asubuhi mpaka leo, anaweka tende, anakunywa peke yake.

Thani alikwenda kumweleza mapema kabisa. Alimweleza yote, neno kwa neno. Yule mama alimsikiliza, akamshukuru, kisha akasema: "Wewe ni rafiki wa mtoto wangu, wallahi lazima useme hivyo. Watu wataniambia hivyo hivyo. Mimi nataka anieleze yule aliyekuwa juu na redio." Tangu siku hiyo Thani huenda Ibra kila Idi na sahani ya halua, na kila Idi huulizwa kama yule wa juu amesema kitu. Yeye hujibu bado. Ameizeekea safari ile, na sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kumjibu mama wa mtu neno hilo moja mwaka hadi mwaka.

Bader hakuwa mtu wa kupotea. Alipanda vyeo, akatoka jeshini kwa heshima, na sasa ni mjumbe wa bodi ya wamiliki wa karakana hii. Ndiye mgeni rasmi wa sherehe yetu. Yeye ndiye aliyepangiwa kumpa Fundi Thani mkono na saa ya ukutani. Nilipoliona jina lake kwenye ratiba nilidhani Thani atakataa kuja. Hakukataa. Utawala ulipomwuliza, kama unavyowauliza wastaafu wote, angependa zawadi gani, alisema saa anayo. Aliomba Mheshimiwa Bader aende Ibra mara moja, akae kwenye mkeka wa Mama Ghalia, amwambie kwa Kiswahili kwamba mwanawe aliita. Hakutaka gazeti wala hakutaka uchunguzi ufunguliwe upya. Alitaka mtu mmoja aseme sentensi moja, na Azza awe anasikia.

Jibu lilikuja kwa mdomo wa karani. Mheshimiwa anamtakia mstaafu kila la heri, mambo ya zamani yale hana uhakika nayo, na Kiswahili, kwa bahati mbaya, hakikumbuki tena.

Nimeambiwa niwe mchangamfu, basi nitawachekesha kidogo. Mwezi wa Machi nilikuwa harusini Nizwa, na Mheshimiwa alikuwapo. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwatania shangazi za bibi harusi kwa Kiswahili cha mjini, kile cha zamani, mpaka mmoja wao akadondosha kikombe kwa kicheko. Labda alikisahau mwezi wa Aprili. Ugonjwa huo upo, hushika watu wakipanda vyeo, na dawa yake sisi watu wa ghala hatuna.

Thani aliletewa jibu lile. Kisha akaomba badala ya saa apewe kiti kimoja katika safu ya mbele. Utawala ulikubali bila kuuliza cha nani. Siku ya sherehe, alfajiri, yeye mwenyewe ataendesha gari mpaka Ibra kumchukua Mama Ghalia. Azza naye amealikwa. Alikataa mara mbili, na jana amepiga simu kuuliza gari litaondoka saa ngapi.

Viti vimepangwa hivi kwamba mgeni rasmi, ili amfikie mstaafu, lazima ampite Mama Ghalia. Mtu aliyelelewa Unguja hampiti mama wa umri ule bila ya shikamoo. Akiisema, amekikumbuka Kiswahili mbele yetu sote, na Mama Ghalia ataitika marahaba, kisha atamwuliza swali lake. Asipoisema, tutakuwa tumemwona akimpita. Nawaomba wenzangu siku hiyo tuzime kompresa na mashine zote za karakana, na wenye watoto wawashike.

Fundi Thani, ahsante kwa mashine ulizozifufua, kwa vijana uliowapa mikono ya kazi, kwa chai isiyonyweka, na kwa kusimama siku ile ulipoambiwa ukae. Mola akupe afya na usingizi mwema, akuongezee umri, na akupe lile moja uliloliomba.