Bi Usizime Aaga Chumba cha Seva

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wa seva wa chuo chetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa chuo, tunamwita Bi Usizime, na anaitika.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, akahamia kwenye kompyuta zilipoletwa, na hakugeuka nyuma. Chumba chake ni kile chembamba kando ya maktaba, chenye feni inayolalamika na kiti ambacho ole wako ukikisogeza. Skrini yake haina picha wala vitufe, ni weusi mtupu na mistari ya maandishi, kwa sababu seva zetu, yaani kompyuta kuu zinazotunza faili za chuo, zinatumia mfumo wa Linux na yeye huziendesha kwa kuandika amri tu. Mkaguzi mmoja aliiona akapendekeza kompyuta hiyo itupwe, eti imeharibika. Bi Usizime alicheka mpaka akashika ubavu.

Jina lake lilitokana na masomo ya sauti ambayo walimu huwarekodia wanafunzi wasioona. Faili zilikuwa nzito na mtandao wa kusuasua, basi akatuletea torenti: faili hukatwa vipande, na kila kompyuta iliyopata kipande huzigawia nyingine. Lakini ili ugawaji uendelee, mashine lazima ziachwe zikiwaka hata zikishamaliza kupakua. Ndipo simu zikaanza. Kila asubuhi alipigia tawi moja la chuo baada ya jingine, salamu fupi, kisha neno lake: usizime. Mchana alibana kasi ya torenti ili wahasibu wafanye kazi zao, jioni akaiachia, yote kwa mstari mmoja wa amri. Matawini walimwona msumbufu kweli kweli.

Halafu ikaja wiki ile kabla ya mitihani. Mkuu wetu wa kitengo, mtu mwema mwenye haraka zake, alitaka kusafisha orodha ya faili zilizokwisha kupakuliwa. Ipo amri inayoondoa jina kwenye orodha na kuiacha faili, na ipo inayoondoa vyote viwili. Akaandika ya pili, tena kwa masomo yote, akabonyeza. Lahaula! Kila kitu kikapotea, na diski ya akiba ilikuwa imepelekwa nje kutengenezwa. Somo la historia ndilo lililotutoa jasho. Mwalimu aliyelirekodi alikuwa ameshafariki, na wanafunzi wetu wasioona walilisikiliza kutoka seva hiyo hiyo. Bila sauti ile wangeurudia mwaka mzima.

Bi Usizime hakufoka. Alimwomba mkuu asogee, akaziamuru torenti zianze upya, na seva ikawa inaokota vipande kutoka matawini. Masomo yakarudi, ila historia iligoma ikiwa imebaki kidogo tu. Akaandika amri ya kuonyesha nani ana kipi. Vipande vilivyopungua hakuwa navyo yeyote aliye hewani, na tawi la mbali kabisa halikuonekana. Akampigia mtunza stoo wa huko. Kumbe bwana yule alikuwa amechomoa kompyuta ili achemshe chai! Alichoambiwa hakiandikiki kwenye jarida la wafanyakazi. Chai ikawekwa kando, plagi ikarudi, na baada ya muda sauti ya marehemu ikatoka kwenye spika, ikifundisha kama kawaida. Mkuu wetu alilia waziwazi, nasi tukalia naye.

Tangu hapo amefundisha mafundi wa matawi yote, na leo hakuna anayeogopa skrini nyeusi. Mtunza stoo naye amenunuliwa chupa ya chai.

Wanafunzi wale walifanya mtihani wao. Mmoja wao sasa ndiye mwalimu wetu wa historia. Tulipopanga sherehe hii tulimwahidi mtu wa kumshika mkono hadi ukumbini. Alikataa katakata. Ukumbi anaujua, alisema, na mkono wake una kazi siku hiyo: ni yeye atakayemshika Bi Usizime na kumfikisha meza kuu.

Dada yetu, asante sana. Kaishi vizuri, afya isikupungukie, na wajukuu wakupe raha uliyoistahili siku nyingi.